Kumi na Mmoja Wasio na Namba

Karatu, Jumatano

Kaka Issa,

Shikamoo. Usajili wa mtihani wa kidato cha nne umefungwa na hautafunguliwa tena mwaka huu. Amesema hivyo leo saa nne na robo asubuhi mama anayesimamia kituo cha mtihani hapa mjini, akiwa amesimama mlangoni pa ofisi yake na funguo mkononi. Vijana kumi na mmoja wa kwetu hawamo kwenye orodha. Hawakukataliwa. Majina yao hayakupelekwa.

Nimelitanguliza hilo kwa sababu nakujua: barua ikianza na maua, unaruka kurasa kutafuta tatizo liko wapi. Sasa naweza kukuuliza hali. Mguu wa Mama unaendeleaje? Binti yako Mwanaidi aliniambia uvimbe umeshuka lakini bado hawezi kukaa mkekani muda mrefu. Mwambieni akalie kiti, hata akisema kiti ni cha wageni. Na masikio yako je? Kwa ajili ya masikio hayo naandika kwa mkono. Mara ya mwisho kwenye simu tulipiga kelele sote wawili mpaka jirani yangu akagonga ukuta. Kurasa hizi nitazipiga picha nimtumie Mwanaidi, azikuze kwenye kioo cha simu yake usome mwenyewe. Asikusomee kwa sauti. Kuna mambo humu ambayo sipendi Mama ayasikie mpaka wewe uamue.

Mimi ni mzima. Nakula, nalala kidogo. Masika yameshika huku, udongo mwekundu umepanda mpaka kwenye pindo la kila gauni nililonalo, na magari ya watalii yanayopanda kwenda Ngorongoro yamepungua kwa hiyo mji uko kimya. Mwili hauna neno. Kilichoharibika ni kazi, na nimeiharibu mimi kwa sehemu ambayo nitakuandikia kama ilivyo.

Hujawahi kufika huku, na miaka hii minne nimekuwa nikikueleza kazi yangu juujuu tu, kwa sababu maoni yako nayajua. Uliponiuliza shule yetu inaanza saa ngapi nikakwambia haina kengele, ulisema basi hicho ni kijiwe. Kwa hiyo nieleze upya, ili utakaponisaidia uwe unakijua unachokisaidia.

Watu wazima tuko watatu. Gazeti lilipofunga ofisi yake ya Arusha mimi nilikuwa hapa Karatu naandika habari ya bei ya ngano, nikabaki. Mwalimu Tluway ni mtu wa Mbulumbulu, mkulima wa ngano na maharage, aliyefundisha hesabu miaka mingi na fimbo mkononi. Anasema siku moja aliita jina la mwanafunzi, na yule mtoto akasimama akanyoosha kiganja kupokea kiboko kabla hajaulizwa swali lolote. Mwalimu aliandika barua ya kuacha kazi wiki hiyohiyo. Wa tatu ni Bi. Rahma, mjane mwenye duka la jumla karibu na stendi. Alikuwa na ghala la nafaka lililokaa tupu tangu mumewe afariki, akatupa tulitumie.

Vijana ni wa miaka kumi na minne hadi kumi na minane, waliotoka shuleni kwa sababu zao mbalimbali. Kwetu kila mmoja anaamua mwenyewe anachojifunza. Jumatatu anaandika ubaoni atafanya nini wiki hiyo. Ijumaa anasimama mbele ya baraza anasema alichofanya na kilichomshinda. Baraza ni sisi sote, na kura ya Mwalimu Tluway ni moja, sawa na ya mtoto wa miaka kumi na minne. Wenyewe wanapaita Ghalani. Mjini wanapaita shule ya wasiochapwa, na hawasemi hivyo kwa kusifu.

Kati ya hao kumi na mmoja, kumi wanaweza kusubiri mwaka mwingine. Wataumia, watalia, watasubiri. Anayeninyima usingizi ni mmoja.

Anaitwa Nasieku, ana miaka kumi na saba, anatoka Ololosokwan, kule Loliondo. Aliacha sekondari kidato cha kwanza, kaka zake wawili walipokwenda mijini kulinda mageti ya watu na baba yao akabaki na ng'ombe bila mikono. Alikaa malishoni muda mrefu, kisha akapatikana binamu wa kumshikia kazi, ndipo akaja kwetu. Baba yake alimleta mwenyewe. Alisimama mbele ya baraza na shuka yake na fimbo yake, akakataa kiti, akasema, "Nawapa miaka miwili. Mwaka wa pili afanye mtihani. Asipofanya, anarudi kwenye ng'ombe, na mdogo wake ndiye atakayesoma. Nina mikono ya kuachia mtoto mmoja tu." Tulipiga kura tukakubali. Mwaka wa pili ndio huu.

Huyu binti anataka chuo cha mifugo. Ana daftari tatu alizoandika magonjwa ya mbuzi kwa majina ya Kimaasai, ya Kiswahili na ya kwenye vitabu. Amewahi kusimama mnadani hapa Karatu, akamsikiliza mbuzi wa mtu akikohoa, akamwambia mwenye mbuzi asimpeleke kwenye kundi. Yule bwana alimtukana. Wiki iliyofuata alirudi kumtafuta amuulize dawa. Mwaka jana alifaulu mtihani wa maarifa, ule unaowafungulia waliokatisha shule mlango wa kidato cha nne, kwa hiyo kilichobaki kilikuwa kidato cha nne, na chuo bila cheti hicho hakimpokei.

Sasa nikueleze kanuni, maana bila kuijua utadhani tulikuwa tumelala.

Ukutani Ghalani kuna sentensi mbili zilizoandikwa kwa chokaa: Mkubwa akiulizwa hujibu. Asipoulizwa hakumbushi. Zimepigiwa kura mwaka wa pili wa Ghalani, na sababu yake ni mimi. Nilikuwa nakumbusha. Kuni, maji, daftari, mlango, sufuria. Binti mmoja alichukua mkaa akawa anachora mstari ukutani kila nikikumbusha jambo, na kufikia saa nane mchana mistari ilijaa kutoka dirishani hadi kwenye nguzo. Baraza likakaa. Mwalimu Tluway alisema amri zake za miaka yote hazikumfundisha mtu kukumbuka, ziliwafundisha kumsubiri yeye akumbuke. Kura ikapita bila mpinzani. Hata mimi niliinua mkono.

Wiki chache baadaye hakuna aliyepeleka mahindi mashineni. Sisi watu wazima tuliona gunia limelala pale, tukanyamaza. Siku ile tulishinda na chai. Tangu hapo unga haujawahi kukosekana hata mara moja, Kaka, na mimi nikawa nawasimulia wageni wote kisa hicho cha gunia. Nimekisimulia mno. Tulijivuna nacho mpaka tukasahau kwamba mahindi yanaweza kusagwa kesho yake.

Usajili wa mtihani ulikuwa kazi ya Baha. Ni kijana wa Mbulumbulu, naye mtahiniwa, makini, mwandiko wake ni mzuri kuliko wa Mwalimu. Alikusanya picha, vyeti vya kuzaliwa na matokeo ya nyuma ya wenzake wote, akavitia kwenye bahasha moja kubwa. Alikwenda kituo cha mtihani mara ya kwanza, akaambiwa mtandao uko chini, arudi keshokutwa. Keshokutwa mama yake aliteleza kwenye tope la kisimani akavunjika mkono, na ulikuwa wakati wa kupanda. Baha akapanda gari akaenda kwao kupanda mahindi na maharage. Ubaoni aliacha ameandika: Usajili, Baha, unaendelea. Bahasha akaiweka kabatini, akiamini wenzake wataiona. Wenzake walisoma ubao, wakaamini unaendelea.

Mwalimu Tluway alijua siku ya mwisho. Mimi niliijua pia, niliisikia redioni na nikaiandika kwenye kalenda yangu nyumbani, kwa mazoea ya kazi. Siku tisa kabla ya mwisho nilifungua kabati kutafuta chaki. Bahasha ilikuwa pale. Nilisoma jina juu yake, nikaipapasa nikajua imejaa, nikafunga kabati. Nilijiambia watajifunza kama walivyojifunza na gunia. Nakuandikia hivyo hivyo nilivyojiambia, sijapunguza neno.

Jumamosi iliyopita, siku ya mwisho ikiwa imeshapita, Nasieku alimpigia Baha simu amuulize namba yake ya mtihani, aiandike juu ya daftari zake. Baha akasema, "Ina maana hamkupeleka?"

Jumatatu asubuhi tulikwenda kituoni mimi, Mwalimu, Nasieku na Baha aliyekuwa amefika na gari la kwanza. Yule mama msimamizi alitupokea vizuri. Akafungua kompyuta yake, akatuonyesha. "Mfumo umejifunga, Mama," aliniambia. "Si mimi niliyeufunga, na si mimi ninayeweza kuufungua. Nitauliza kwa wakubwa. Mnipe mpaka Jumatano." Ndiye aliyenijibu leo.

Jana Jumanne tuliitisha baraza. Nitakuandikia lilivyokwenda.

Baha alisimama kabla hajaitwa. Wenzake hawakumpa nafasi.

"Mheshimiwa wa usajili amefika," alisema mmoja. "Tumpigie makofi?"

"Chalii yangu, umetumaliza."

"Unaendelea! Bado unaendelea?"

Baha aliwaacha wamalize. "Mama alikuwa hana mkono," alisema. "Nilijua mtaiona bahasha. Sikuandika iko wapi. Hilo ni kosa langu. Nimemaliza."

Hakuna aliyecheka tena. Ndipo Nasieku akageuka upande wetu wa watu wazima. Yeye si msemaji sana, na anapokasirika sauti yake inashuka badala ya kupanda.

"Mlijua siku ya mwisho?"

Bi. Rahma alisema, "Mimi nilikuwa sijui, Wallahi. Ningejua ningewapigia kelele, kanuni au si kanuni. Watoto wa watu hawa!"

Mwalimu Tluway akasema alijua.

"Nawe, Shangazi?" akanigeukia mimi, maana ndivyo vijana wanavyoniita.

"Nilijua," nikasema. "Na bahasha niliiona kabatini siku tisa kabla."

Mwalimu aliinuka hapo. Alikwenda ukutani, akavua koti lake, akaanza kuifuta ile kanuni kwa koti. Vijana wakapiga kelele kwa pamoja, "Kura! Mwalimu, kura!" Akasimama na koti mkononi kama mtu aliyekamatwa akiiba. Bi. Rahma alimshika mkono akamkalisha. "Kaa chini, mume wa watu. Hata kufuta wanataka kura. Mmejitakia wenyewe."

Mmoja akapendekeza kanuni iondolewe. Nasieku akapinga.

"Kanuni haina kosa," alisema. "Inasema wasikumbushe. Hawakukumbusha. Lakini pia inasema akiulizwa hujibu." Akanitazama. "Mimi nilikuuliza, Shangazi."

Ni kweli, Kaka. Nilikuwa nimeisahau, au nilikuwa nimeiweka mahali nisipoifikia. Siku mbili au tatu baada ya kuiona bahasha, tulikuwa tunachambua mchele kwenye ukumbi wa nje, Nasieku akaniuliza, "Shangazi, eti usajili unaendaje?" Nikamjibu, "Muulize Baha." Baha alikuwa shambani, simu yake haina chaji siku nne kwa wiki. Nililijua hilo pia.

Miaka ishirini na sita nimewauliza watu wenye vyeo maswali ya moja kwa moja, nao wakanijibu kwa kunielekeza kwa mtu mwingine. Nimewaandika kwa majina yao. Nimewahi kukwambia jinsi nilivyokuwa nawadharau. Nilijibu kama wao, tena kwa mtoto, tena sikuwa na cheo cha kulinda. Nilikuwa nalinda kisa changu cha gunia.

Nilisimama nikaliambia baraza kwamba ni kweli aliniuliza na sikumjibu. Sikuongeza maelezo. Baraza lina utaratibu wake: aliyekosa ndiye anayekwenda kumwambia aliyeumizwa, uso kwa uso. Wakapiga kura nani atamwambia baba yake Nasieku. Kura mbili zilimwendea Baha, moja ikiwa ya Baha mwenyewe. Zilizobaki zote zilikuja kwangu. Kanuni ya ukutani imebaki, nusu yake imefifia pale koti la Mwalimu lilipopita.

Jana hiyohiyo mchana tulimpigia mzee simu, kumwambia tu kwamba tunakuja. Nasieku aliongea naye kwanza kwa Kimaasai, salamu za watu, salamu za ng'ombe, mvua, majani. Kisha mzee akaomba kuongea na mimi. Huniita Yeyo, maana yake mama, kwa heshima.

"Yeyo, mtoto ana sauti ya mtu mgonjwa. Kuna nini?"

"Baba, tunakuja kukueleza. Ni habari ya mtihani."

"Ameshindwa?"

"Hajashindwa. Hakuandikishwa."

Nilisikia kengele za mbuzi.

"Nyinyi si watu wazima watatu?"

"Ndiyo, baba."

"Na siku mliijua?"

"Mimi niliijua. Mwalimu aliijua. Bi. Rahma hakuijua."

"Basi mwenye duka ndiye mwenye akili hapo." Hakusema kwa utani. "Mlipiga kura, nakumbuka. Mikono yote juu. Ng'ombe wangu hawapigi kura, Yeyo, wanataka maji kila siku. Yule binamu anaondoka mwezi huu, anaoa. Jambo la mtoto silisikilizi kwenye simu. Njooni Ijumaa. Na aje na vitu vyake vyote."

Nasieku alikuwa ameegemea mlango, simu ilikuwa wazi, alisikia. Alikwenda kuendelea na zamu yake ya kuosha sufuria. Aliziosha zote, hata zile zilizokuwa safi.

Leo asubuhi, baada ya jibu la msimamizi, nilirudi Ghalani nikawaambia. Nilisimama mbele nikasema kama nilivyokuandikia juu: umefungwa, haufunguliwi, mwaka huu hakuna. Wawili walilia. Mwalimu Tluway alitoka nje akakaa kwenye mvua. Nilidhani habari imekwisha, nikawa nimeanza kukusanya vitu vyangu, Baha akanyoosha mkono.

"Mzee anataka mikono," alisema. "Mimi ninayo. Niende mimi nikachunge, Nasieku abaki na kitabu."

Ghala lote lilicheka, na nadhani lilihitaji kucheka.

"Wewe? Kwenu mna ng'ombe wawili na wamefungwa kamba!"

"Chalii wa maharage akachunge kwa Wamaasai. Simba atakushukuru."

Hata Nasieku alitabasamu, mara ya kwanza tangu Jumamosi. "Baba atakucheka mpaka akae chini," alimwambia.

"Acheke," Baha akasema. "Akimaliza kucheka atanikuta bado nipo."

Kicheko kikaisha. Wakaanza kuhesabu miezi. Wametoa pendekezo kwamba kila mmoja wa wale kumi akae Ololosokwan mwezi mmoja, kwa zamu, mpaka usajili wa mwakani ufunguliwe na mtihani ufanyike, ili mzee asipungukiwe mkono hata siku moja. Miezi iliyozidi kumi watairudia kwa zamu. Wasichana wamo. Nasieku hakupiga kura, alisema hawezi kupigia kura ng'ombe wa baba yake. Waliobaki walikubali wote. Nami na Mwalimu tulisema hakuna anayekwenda bila idhini ya mzazi wake, na hilo halipigiwi kura. Walikasirika kidogo. Mwalimu amekwenda Mbulumbulu mchana huu, amempigia Bi. Rahma simu kwamba mama yake Baha ameridhia mwezi mmoja, usizidi, kwa sababu palizi inakuja na mkono wake haujapona. Wazazi wengine hatujawauliza.

Sitaki nikupe matumaini ambayo mimi sina. Mzee yule si mtu mbaya wala si mkaidi. Alitupa sharti moja, la wazi, mbele ya watu, na sisi ndio tuliolivunja. Watoto wa wakulima wasiojua ng'ombe yupi anaongoza kundi ni mzigo kwake kwa mwezi wa kwanza, na mwezi wa pili anaanza upya na mzigo mwingine. Binamu anaondoka. Mdogo wake Nasieku ana miaka saba na anapaswa kwenda shule, na ni haki yake. Ningekuwa mimi ndiye mzee, ningekataa. Nimejaribu kuiandika habari hii kwa namna ambayo anakubali, na kila nikiisoma naona nimemwekea maneno mdomoni.

Kwa hiyo nakuomba mambo matatu, na nakuomba haraka.

Umekuwa mkuu wa shule, umesimamia mitihani miaka kuliko ninavyoweza kuhesabu. Je, kuna mlango wowote ambao yule mama wa hapa haujui? Barua ya kuomba, kituo kingine, chochote halali. Ukisema hakuna, nitaamini na sitauliza tena.

La pili, ulizia kwa wale wenzako wa zamani kama vyuo vya mifugo vina kozi fupi zinazompokea mtu kwa mtihani wa maarifa peke yake. Nataka niwe na kitu cha kweli mkononi nikikaa mbele ya mzee, hata kikiwa kidogo.

La tatu ndilo gumu zaidi. Wewe umewahi kuwaambia wazazi habari kama hii. Mwaka ule shule yako ilipofutiwa matokeo ulizunguka nyumba kwa nyumba kwa baiskeli, nakumbuka ulivyorudi na vumbi na hukula. Ulianzaje? Sentensi ya kwanza ulisema nini? Maisha yangu yote nimeishi kwa kuandika sentensi za kwanza, na hii sinayo.

Ukitaka kunikaripia, nikaripie, lakini usianze na hilo. Jibu maswali kwanza.

Nisalimie Mama, mwambie nakula vizuri na sweta alilonifumia linanifaa sana huku. Ya Ghalani msimwambie bado. Nisalimie Wifi, na asante kwa korosho, zilifika hazijalowa na Bi. Rahma ameniomba mbegu ingawa nimemwambia huku hazioti. Mwanaidi mtoto wangu, asante kwa kuwa tarishi. Kurasa ziko sita, hesabu kabla hujampa baba yako, na usisome ya nne. Mjomba Salumu wa mjini mwambieni barua yake nimeipata. Mama jirani aliyefiwa na mumewe mpeni pole zangu kwa mkono, si kwa maneno tu.

Kesho Alhamisi nitakuwa na simu mkononi kutwa nzima. Mpe Mwanaidi majibu ayaandike. Ijumaa saa kumi na moja na nusu alfajiri tunaondoka hapa mimi, Nasieku na Baha, tunashuka Mto wa Mbu kulisubiri basi la Loliondo, tunapita Sale, na mzee amesema atatungoja saa kumi jioni, ng'ombe wakiwa wanarudi.

Mdogo wako,
Somoe